Daftari la Vilivyopokelewa

Paroko amesema tulifunge daftari.
Tangu Pasaka sadaka inakwenda kwa simu,
namba imebandikwa ukutani chini ya kituo cha nne,
pale Yesu anapokutana na mama yake.
Watu huinamisha vichwa. Wengine wanasali,
wengine wanangoja ujumbe: Imethibitishwa.

Miaka kumi na tisa mimi ni mtunza hazina hapa Kirumba.
Vidole vyangu vilinuka noti za wachuuzi wa dagaa
hata usiku wa Krismasi. Sasa havinuki kitu.
Nimebaki na kitabu chenye jalada la nguo,
mgongo wake umeliwa na mende.
Nikasema: kabla sijalifunga, nilisome.

Kurasa za mwanzo ni mkono wa padre mgeni,
herufi zimelala upande mmoja
kama mafunjo upepo wa ziwa ukiyapitia.
Mayai sita. Mtama, debe moja.
Pamba, vikapu viwili. Kuku (amekufa).
Safu ya kushoto: Vilivyopokelewa.
Ya kulia: Vilivyorudishwa,
nyeupe ukurasa kwa ukurasa,
maana nani humdai Mungu chenji?

Kisha, mwaka 1938, kati ya chumvi na mishumaa:
Lufungulo wa Ngollo, kutoka Kayenze.
Hirizi 3. Ngoma 1.
Amebatizwa Bonifasi.

Babu.

Kwetu walisema tu kwamba aliacha ngoma,
kama mtu anavyoacha pombe.
Hawakusema ilipokelewa, ikaandikwa kwa wino,
ikapigiwa mstari.
Bibi alinisimulia jambo moja:
wachezaji wa bugobogobo walipopita na majembe yao,
mumewe aliingia ndani, akafunga mlango,
akaikalia mikono yake.

Mwaka niliozaliwa mimi Misa ilikuwa imeacha Kilatini.
Barua ya askofu ikasomwa: ngoma ziruhusiwe.
Parokia ikachanga, ikanunua tatu, mpya,
ngozi bado ina manyoya.
Hakuna aliyekumbuka stoo.
Babu alikaa benchi la nyuma Misa nzima.
Wakati wa kutoka alisema neno moja la Kisukuma
ambalo baba yangu, mwalimu wa kwaya,
hadi leo hataki kulitafsiri.

Hata zile tatu sijui zilikwenda wapi.
Tuna kinanda cha umeme, spika refu kuniliko,
Misa inarushwa mubashara
na binti zetu walioko Maskati huandika "Amina" toka jikoni kwa watu.
Sinung'uniki. Mmoja wao ni wangu.

Nikamwuliza padre Respisi, kijana, mpole:
"Baba, stooni kuna nini?"
"Popo," akasema, akanipa ufunguo.

Kweli, popo.

Ilikuwa kanisani, mbele yetu sote,
imevikwa kitambaa cha zambarau,
imebeba projekta inayotuonyesha maneno ya zaburi.
Nikakifunua. Misana, fundi wa mitambo, akaruka:
"Mama Hazina, hiyo ni stuli! Tuliikuta!"
Ubavuni wameitoboa wapitishe waya.
Ngozi ya chini imekwisha, ya juu imekauka kama chapati ya juzi.
Nikaigonga kwa kifundo cha kidole.
Iliitika, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa
akasahau alikuwa amelala wapi.

Padre alisimama kimya muda.
"Tuwaombe radhi?" akaniuliza. "Tunaanzia wapi?"
Nikamwambia tuanzie kwenye stuli,
projekta haiwezi kukaa hewani.

Nimefungua ile safu nyeupe ya kulia.
Nimeandika tarehe. Nimeandika: Ngoma 1.
Kalamu ikakwama kwenye jina:
irudishwe kwa Lufungulo au kwa Bonifasi?
Kaburini msalaba wake una yote mawili,
moja limeanza kufutika, na silo lile ungedhani.

Nimeacha nafasi.
Jioni nimeleta kigoda cha jikoni kwangu,
nimekiweka chini ya mashine, kimeenea.
Nami, kwa kuwa daftari halijafungwa,
nimekiandika kushoto:
Kigoda 1.